Pikipiki Iliyolala Chebilat

Konoin, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa.

Kemunto mwanangu,

Huu ni mwaka wa ishirini na nne tangu nitoke nyumbani kuja huku kwenye majani chai, na ni mwezi wa tano tangu nije mara ya mwisho, ile siku niliyofika watu wakiosha masufuria. Wewe kesho jioni unapanda basi kwenda Nairobi. Ombati, jirani yangu hapa plotini, kwenye vyumba vya kupanga, anaondoka alfajiri kwenda likizo, na nimemwomba akuwekee barua hii mkononi kabla hajafika hata kwake. Amekubali, lakini ameniuliza, "Si umpigie tu simu, mzee? Siku hizi nani anaandika?" Nikamwambia simu tulishapigiana, na ikaharibika.

Unajua ilivyoharibika. Ulinipigia ukiwa na furaha mpaka ukasahau kunisalimia. "Baba, nimepata kazi! Kampuni ya pikipiki za stima." Nikaruka pale nilipokuwa, maana unajua mimi na vitu vya umeme. Nikakuuliza utafanya nini huko, kuunda au kutengeneza. Ukasema, "Niko ofisini, kwa kompyuta. Tunaona kila pikipiki iko wapi. Kama imetoka kwa eneo lake, ama iko na shida, tunaifunga." Ukaita, "Baba? Uko?" Nikasema, "Usiende." Ukasema, "Baba, si mimi nilifunga yako." Nikakata simu.

Mambo ya sanduku, blanketi na wezi wa stendi mama yako amekwisha kukuambia, na anayajua kuniliko. Mimi nataka nikuambie mambo ya betri. Usicheke. Maisha yangu yote ya huku yamepita kwenye betri, na ukiyatoa hayo, kinachobaki ni kuni na matope.

Nilipofika, nilipewa kazi ya kuni kiwandani. Tulikuwa tunapasua na kulisha moto wa boila, zamu kwa zamu, nikitoka hapo macho mekundu kama ya mlevi. Kila kitu katika kile kiwanda kilipiga kelele: mashine za kusaga majani, mafeni ya kunyausha, boila lenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa kimya. Kule stoo kulikuwa na foklifti ya betri, kigari cha kunyanyulia mizigo, kuukuu, rangi imebabuka, na watu walikuwa wakiiita Bubu. Ilibeba magunia ya chai hadi kwenye lori bila sauti, ila mngurumo mdogo kama nyuki ndani ya chupa. Wakati wa chai ya saa nne wenzangu walienda kulala kwenye maranda ya mbao. Mimi nilisimama mlangoni mwa stoo, nikitazama.

Dereva wake alikuwa mzee Ngeno, Mkipsigis wa upande wa Sigor, mtu wa hasira za karibu. Siku moja akasimamisha Bubu mbele yangu.

"Wewe Mkisii, kila siku unaangalia nini? Hii ni bibi ya mtu?"

"Naangalia vile inaenda bila kunywa mafuta."

"Nani amekuambia haikunywi? Hii inakunywa kukuliko wewe siku ya mshahara. Kuja uone."

Akafungua kifuniko cha nyuma, nikaona vile vitundu vya betri vimepangwa kama mayai kwenye trei, na kila kimoja kina maji yake. Alinifundisha kuyatazama bila kuinamisha uso, maana asidi haina adabu. Alinifundisha kwamba betri ikikaa na kiu hufa kimya kimya, na ukija kugundua umechelewa.

Maji ya betri yalikuwa yanatoka Kericho mjini, na mara nyingi hayakuja. Kwa hiyo mzee Ngeno alikuwa na njia yake, na nikairithi. Unachukua beseni la plastiki, si sufuria, maana chuma huiua betri. Unaliweka juu ya jiwe katikati ya shamba lililopogolewa, mbali na mabati na mbali na mikaratusi. Mvua ikianza, unaacha inyeshe kidogo, kisha unamwaga yale ya kwanza. "Hiyo imeosha hewa," alikuwa akisema. "Iko na moshi ya boila yetu." Ya pili ndiyo unayoyatunza, unayachuja kwa kitambaa safi. Na kwa kuwa huku mvua haikosi kuja mchana, Bubu hakulala na kiu hata siku moja.

Wanawake waliokuwa wakichuma karibu walinicheka. "Mokaya ameenda kunywesha ng'ombe wake!" Mmoja akaniuliza kama yale maji yanaivisha maharagwe. Nikamwambia yanaivisha upesi, hayana chumvi. Akaja na kibuyu. Huyo ni mama yako. Kwa hiyo hata wewe, ukitafuta chanzo chako vizuri, utakikuta kwenye maji ya betri.

Mzee Ngeno alipostaafu, Bubu akawa wangu. Nikawa mtu wa betri. Toroli la umeme la stoo lilipotupwa, niliomba mota yake, nikaifunga kwenye baisikeli, nikaongeza gurudumu la tatu na betri kuukuu ya lori. Nilitaka mama yako asipande tena na mtungi kutoka mtoni. Ukumbuke tulikuwa tukiishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na mto uko chini kabisa. Siku ya kwanza laini nzima ilitoka kutazama. Ilipanda hatua chache, ikachoka. Nyapara wetu akasema mbele ya watu wote, "Mokaya, hebu tueleze. Hii baisikeli imebeba betri, ama betri imebeba baisikeli?" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Lakini kuteremka ilijua. Nilikuweka juu yake kutoka zahanati mpaka kwenye daraja, nikikimbia kando nimeshika kiti, na wewe ukapiga kelele, "Baba, haina sauti!" Mama yako alikuwa amejifunika macho kwa leso. Sina hakika kama unaikumbuka siku hiyo. Mimi ninayo.

Sasa sikiliza neno la uchungu. Nilipenda sana kitu kisicho na sauti, mpaka sikuuliza kinanyamazisha nini kingine.

Mashine za kuchuma zilipoingia shambani, zile za kwanza zilikuwa za petroli. Zilinuka, zilinguruma, na watu walizichukia waziwazi. Kulikuwa na maneno, na siku moja mawe. Mimi pia nilizichukia, lakini kwa sababu ya moshi. Kisha zikaletwa nyingine, za betri ya kubebwa mgongoni. Meneja akauliza nani anajua betri, na vidole vyote vikanielekea. Nilitolewa stoo, nikapewa chumba cha kuchajia, ufunguo na koti la kaki. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikitembea katikati ya barabara.

Mama yako alikuwa anapuliza moto. Akaniuliza, "Hiyo mashine inafanya kazi ya watu wangapi?" Mwanangu, nilimweleza kama pasta. Nilimwambia inamaliza asubuhi moja kipande cha shamba cha wanawake wa laini nzima, bila kelele, bila moshi, na haiumizi mgongo. Akaendelea kupuliza. "Na hao wanawake?" Nikamjibu, "Watapata kazi ingine." Nilisema hivyo, na mbele yangu alikuwa mchumaji mwenye vidole vyeusi vya majani, ananipikia ugali.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja uwanjani nyapara alisoma majina, na lake lilikuwemo. Hakulia pale. Alilia tulipokuwa tukifunga godoro lenu kwa kamba. Alisema neno moja tu: "Wewe baki na chaja zako." Mkaenda nyumbani kwa nyanya yako, nikabaki nazo kweli. Wenzangu wa zamani, waume wa wale wanawake, waliacha kunisalimia. Nikipita, mmoja alikuwa akisema kwa sauti, "Angalieni, mkwe wa mashine." Na baada ya muda kampuni ikaleta vijana wa kandarasi kutoka nje, na hata kile chumba nikakitoka. Nikarudisha koti la kaki, nikatoka kwenye laini, nikapanga chumba hapa plotini.

Ungefikiri hapo ningeacha mapenzi ya betri. Sikuacha. Nimejaribu kuelewa kwa nini, na jibu ni kwamba mtu hupenda kile kilichomfanya ajione ni mtu. Nilikuwa mtu wa kuni, nikawa mtu wa betri. Sikutaka kurudi kuwa wa kuni.

Kwa hiyo wale wa pikipiki za stima walipokuja sokoni na hema na muziki, nilikuwa wa kwanza kuweka kidole. Vijana wa bodaboda walinizunguka. "Mzee, hiyo ni pikipiki ama ni simu?" "Mzee, ukiichaji usiku, asubuhi inakuamsha na alamu?" Nikawaacha wacheke. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wao hawakuliona. Wakulima wa huku wanapeleka majani yao kwenye kituo cha kununulia kwa pikipiki, na ile eksozi ya moto, bomba la moshi, huchoma gunia ubavuni. Majani yanageuka mekundu, karani anayakataa, mkulima anamwaga jasho la siku nzima pembeni mwa barabara. Yangu haina eksozi. Magunia mawili, mlima kutoka mtoni, na majani yanafika yakiwa mabichi kama yalivyochumwa. Akina mama wakawa wananiita kwa simu asubuhi: "Kuja wewe, ya hao wengine inachoma." Kwa mara ya kwanza tangu mwondoke, niliamka nikitaka kuamka.

Shida ilianza kipindi cha mvua kubwa. Betri ikawa inachoka kabla ya adhuhuri. Nilienda kwa kijana wa kituo chao, akaitazama kwenye simu yake, akasema iko sawa. Mimi nikaweka sikio juu yake usiku na nikajiambia ina kiu. Miaka yote ile mikono yangu imejua jambo moja: betri ikilegea, ipe maji. Nilikuwa na chupa ya maji ya mvua, ya pili, yaliyochujwa. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu zote, nikapasua ile karatasi waliyobandika kuifunga. Ndani hakukuwa na tundu lolote. Kulikuwa na vipande vimefungwa kwa plastiki kama pipi, na nyaya nyembamba. Nikakaa kitandani na chupa yangu, sijui niimwage wapi. Nikaifunga tena.

Kesho yake simu ya yule kijana ikaonyesha nyekundu. "Mzee, ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ulikuwa unatafuta nini huko ndani?"

"Mahali pa maji."

Akacheka mpaka akaita wenzake. "Kujeni muone! Mzee alitaka kuinywesha!" Kisha akaacha kucheka, akanitazama kama mtoto wangu. "Mzee, hii ingekuchoma wewe na plot yote. Nimekuandikia onyo. Sasa pikipiki yako imewekewa mpaka. Ni Kericho na Bomet tu. Ukitoka nje, inalala."

Nikamwambia, "Mimi niende wapi?" Nikalichukulia neno lile kama yale maandishi ya ukutani kiwandani ambayo hakuna aliyeyasoma.

Ndipo nyanya yako akafa.

Mambo ya siku ile wewe uliyaona ukiwa kule. Mimi nitakuambia ya upande wangu, maana hujawahi kuniuliza, na mimi sikukueleza. Ningeweza kuja siku moja kabla, kwa gari, kama watu. Ombati alinisihi. Lakini mama yangu kila nikipiga simu alikuwa akiniuliza, "Hiyo pikipiki yako isiyokunywa mafuta nitaiona lini?" Nilitaka nimtangulie nayo mpaka kaburini, kimya, bila kelele, na watu wa kijijini waliocheka habari za Bubu na za ile baisikeli waone kwamba Mokaya hakukaa huku bure. Nakuandikia hivi ili ujue kwamba kiburi pia huvaa nguo za maziko.

Nilitoka kabla ya jua. Litein, kisha Sotik, nikabadilisha betri kwenye kituo chao cha hapo, mambo yakiwa mazuri. Nilikuwa nimefunga maua kwenye usukani. Nikapita Chebilat, nikaona nyumba za kwanza za upande wetu, na pale pale ikalala. Haikushtuka, haikukohoa. Ilipunguza mwendo taratibu kama mtu anayesinzia kanisani, ikasimama. Kwenye kioo ikaandika kwamba niko nje ya eneo. Nikaisukuma kurudi nyuma mpaka nikavuka tena Chebilat. Haikuwaka. Wewe unajua mpaka ule, wa Wakipsigis na sisi Wakisii. Mimi nimewahi kuuvuka wakati mbaya, wa vurugu za uchaguzi, nikikimbia na godoro kichwani kwa sababu ya jina langu. Sikufikiri nitaishi kuona mashine nayo inaulizia mtu ametoka upande gani.

Nikapiga simu. Akapokea msichana. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Karibu mteja wetu. Nikusaidie aje?"

"Pikipiki imelala. Niko njiani. Nazika mama yangu leo."

"Woi, pole sana baba." Nikasikia vidole vyake vikigonga. "Naona iko nje ya eneo, na betri ilifunguliwa."

"Ni mimi nilifungua. Nilikuwa naangalia maji. Hebu fungua tu leo, kesho funga."

"Mimi siwezi kufungua kutoka hapa, baba. Nimekuandikia ombi. Subiri kidogo, watakujibu."

"Kidogo ni gani?"

"Subiri tu baba. Pole sana."

Nikasubiri. Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole. Magari yalipita. Makondakta waliniita kwa jina la nyumbani kwetu: "Keroka, Kisii, mzee nafasi iko!" Nilitikisa kichwa. Kulikuwa na mama anauza ndizi kando ya barabara. Aliona maua, akaelewa. Akaniambia, "Acha hicho chuma hapa kwangu, wee. Nitakuchungia. Enda uzike mama." Nikamtazama. Nikajikuta napima anasema vipi Kiswahili, ni wa upande gani wa barabara, kama jioni nitamkuta yeye na betri. Mimi, niliyefundishwa kazi na mzee Ngeno, niliyekula nyumbani kwao miaka yote hii. Nikamwambia asante, nitangoja kidogo, wamesema watafungua.

Betri si yangu, ni ya kampuni. Ikiibwa nimekwisha. Hayo nilijiambia, na ni kweli. Lakini wewe ulikuwa unapiga simu. "Baba, umefika wapi?" Nakuja. "Baba, pasta ameanza." Nakuja. "Baba, wazee wanasema jua linaenda." Nikakuambia waambie wangoje kidogo. Nilikuwa nimepewa neno hilo na yule msichana, nami nikakupa wewe ukawape wazee. Baada ya hapo hukupiga tena.

Ujumbe uliingia jua likiwa limeinama. Ombi lako limekubaliwa, asante kwa uvumilivu. Pikipiki ikawaka kama haijawahi kufanya jambo baya duniani. Nilifika mkiosha masufuria. Watoto wakakimbia mbele yangu wakishangilia, "Pikipiki ya stima! Tupandishe!" Na baba mdogo, aliyetupa udongo mahali pangu mimi mtoto wa pekee wa kiume wa mama, akainuka kwenye kiti akasema, "Karibu, mwenye betri. Mama yako alikungoja mpaka akachoka kulala kwenye jeneza." Hakuna aliyecheka. Wewe uliniletea uji, ukaniwekea mbele, ukaondoka.

Kwa hiyo uliposema ni kazi gani umepata, sikukusikia wewe. Nilimsikia yule msichana. Miezi hii yote nimemchukia mtu ambaye sijui hata jina lake. Nimembishia nikiwa njiani na magunia, peke yangu, mpaka wakulima wanauliza, "Mzee anaongea na nani?" Na wewe ukaja na sauti ile ile, na pole ile ile.

Mama yako alinipigia jana. Hakunibembeleza. Alisema, "Ulinitoa mimi shambani kwa hizo vitu zako. Mtoto amepata mkate ndani yake, na bado unamkataza. Wewe unataka tule wapi?" Nimekaa na swali hilo mpaka sasa hivi.

Na nikiwa nimekaa nalo, nimejiuliza kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: ningetaka yule msichana afanye nini? Kufungua hakuweza, naamini. Alisema pole na nadhani ilitoka moyoni. Ningetaka neno moja tu. Ningetaka aseme, "Baba, hii haitafunguka leo asubuhi. Usingoje. Panda gari uende." Angesema hivyo, ningetukana, ningeitupa pikipiki kando ya yule mama wa ndizi, na ningefika pasta akiwa bado kwenye sala ya kwanza. Mashine ilinisimamisha, lakini kilichonishikilia pale mpaka jioni ni "subiri kidogo." Labda alifundishwa kusema hivyo. Labda hata wewe, wiki ya kwanza, watakupa karatasi ya maneno ya kusema, na hilo litakuwa la kwanza.

Hilo halinitoi lawama mimi. Nilikuwa na miguu. Nilikuwa na mtu mwema mbele yangu amenyoosha mkono, nikakaa nikilinda mali ya watu ambao hawakujua kama nimekula. Nimelinda mali za watu maisha yangu yote, Kemunto, na sijawahi kuona mmoja wao akiuliza ni nani aliyebaki bila kulindwa.

Na bado ninaiendesha, kama hujui. Kesho asubuhi nina magunia ya watu watatu kule chini mtoni. Haivuki Chebilat, lakini mlima inapanda. Kuna mahali pa kona, kabla ya kituo, ukungu ukiwa bado chini, ambapo inapanda kimya kabisa na ndege hawaruki. Ninaichukia mpaka hapo, halafu nasahau kwa muda mfupi. Sikudanganyi.

Kwa hiyo nenda. Nilisema usiende, na neno la baba likitoka vibaya lazima arudi mwenyewe aliokote, nimeliokota. Nenda ukakae mbele ya hiyo kompyuta. Sikupi baraka tamu maana sina, ninayo hii tu. Siku moja atakupigia mtu aliyesimama kando ya barabara. Utaona nukta yake kwenye kioo chako, na hutaona amefunga nini kwenye usukani. Kama unaweza kumfungulia, mfungulie. Kama huwezi, na unajua huwezi, usimwambie asubiri. Mwambie ukweli hata kama utamuudhi, hata kama mkubwa wako amesimama nyuma yako. Mwache akutukane na aende anakokwenda. Atakuchukia, kama mimi ninavyomchukia yule, lakini atakuwa amefika.

Na kama siku ikakushinda, ukasema yale ya kwenye karatasi, usinifiche. Njoo uniambie. Sitakata simu tena.

Mimi nitarudi nyumbani Januari, wiki ya pili, jua likishashika na majani yakipungua huku. Nitatoka siku moja mapema, nitapanda gari, na nitapita kaburini kabla ya kuingia kwa mama yako.

Baba yako,
Mokaya